Marufuku ya nani?

"Uvuvi haramu" ni maneno mawili ambayo mvuvi wa Makangale huenda ameyasikia mara nyingi kuliko jina la waziri wa uvuvi. Anayasikia redioni, anayakuta kwenye bango, anaambiwa na ofisa aliyetoka Wete au Chake Chake kuja kuzungumza na kamati. Makusudio yake anayajua: juya la kukokota, kigumi, nyavu za matundu madogo, utupa, baruti. Taabu iko kwenye neno la pili. Hilo alilijua tangu chuoni, mbele ya mwalimu wake wa Kurani, na alilijua kwa mambo mengine kabisa: nguruwe, ulevi, riba, mali ya yatima. Leo anaambiwa wavu wa tundu hili ni haramu na wa tundu kubwa kidogo ni sawa. Anaitikia, maana ofisa ni mgeni na mgeni habishiwi. Ila swali linabaki naye akirudi pwani: huu wavu umeharamishwa na nani?

Ni swali la lugha kabla ya kuwa swali la samaki. Kiswahili hakina neno moja la kuzuia. Kina ukoo mzima wa maneno, na kila moja linakuja na mwenye kuzuia wake, mwangalizi wake na njia yake ya kuondoka. Tukiyachanganya, tunamtwika mmoja mzigo wa mwingine, kisha tunashangaa kwa nini watu hawatii.

Makangale ni mahali pazuri pa kuyatazama maneno hayo kwa sababu makatazo yamerundikana pale kama mahali pengine pachache Pemba. Ni shehia ya ncha ya kaskazini-magharibi ya kisiwa, Wilaya ya Micheweni. Ukitoka Konde barabara inakupitisha katikati ya msitu wa Ngezi, msitu mnene mkubwa uliosalia Pemba, ambamo kukata mti na kuwinda kuna sheria zake. Ukiumaliza msitu unatokea kwenye rasi: upande mmoja ghuba ya Vumawimbi, upande wa pili Verani na Tondooni, na mwisho kabisa mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Bahari ya upande wa magharibi imo ndani ya Hifadhi ya Mkondo wa Pemba, iliyotangazwa 2005, nayo ina masharti yake. Karafuu, kwa miongo kadhaa, haikuruhusiwa kuuzwa popote isipokuwa kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na ng'ambo ya mkondo huo ndiko iliko pwani ya Kenya iliyokuwa ikilipa zaidi. Mtu wa hapa basi amezungukwa na "usi" pande zote. Hakuna haja ya kumfundisha kwamba kuna yanayozuiwa. Anachokifanya kila siku ni kupima uzito wa kila zuio.

Tuanze na marufuku, neno la serikali. Umbo lake linajieleza. Limekaa katika kundi la maneno tuliyoyapata kwa Kiarabu yenye *ma-* mbele na *u* katikati: maarufu, mashuhuri, mahabusu, mahsusi. Hayo yote ni majina ya kutendwa. Mahabusu hajajifunga, kuna aliyemfunga. Maarufu kajulikana na watu. Nalo marufuku, kwa jinsi lilivyojengwa, linatangulia kukuambia kwamba jambo hili halikuzaliwa limezuiwa. Lilikuwa wazi, akaja mtu akalifunga. Nani, lini, kwa mamlaka gani? Neno lenyewe linakualika uulize.

Halafu hatusemi tu kwamba jambo ni marufuku, tunalipiga marufuku. Kitenzi piga katika Kiswahili kimebeba mengi hata hakihisiki tena, lakini hapa nadhani kimebaki na sauti yake. Ni ndugu wa kupiga mnada, kupiga mbiu na kupiga mgambo. Amri ya mtawala ilikuwa haijawa amri mpaka ipite mtaani. Mtu alitembea na pembe au ngoma, akailiza, watu wakatoka milangoni, ndipo akatamka. Methali ya mbiu ya mgambo ikilia ina jambo imetokana na zama hizo, na mgambo katika methali hiyo si askari. Mgambo lilikuwa tangazo lenyewe. Leo neno hilo tumempa mtu mwenye kombati anayekimbizana na wauza ndizi stendi. Tangazo limegeuka mtangazaji, na mtangazaji kageuka mshika fimbo. Sijui kama kuna neno jingine linaloeleza vizuri zaidi jinsi serikali zetu zilivyobadili namna ya kuzuia: mwanzo ilikuwa lazima usikie, sasa inatosha ukamatwe.

Kwa asili hiyo marufuku ina sharti moja na udhaifu mmoja. Sharti ni kusikika. Marufuku iliyokaa kwenye Gazeti Rasmi kwa Kiingereza, kama zilivyo sheria nyingi za Zanzibar, haijapigwa bado kwa maana ya zamani ya kupiga. Udhaifu ni kwamba aliyeifunga anaweza kuifungua. Hapana aibu katika hilo. Marufuku huondolewa na mahakama, na waziri, na wakati mwingine na uchaguzi. Mwanzoni mwa Januari 1964 serikali ya Zanzibar, ya vyama vya ZNP na ZPPP, ilikipiga marufuku chama cha Umma; kabla mwezi haujatimia nusu serikali hiyo haikuwepo, na baada ya Mapinduzi vyama vilivyokuwa vikitawala ndivyo vilivyogeuka kuwa marufuku. Kwa hiyo Mpemba mwenye umri anajua, bila kusoma kitabu, kwamba marufuku ina umri wake, na mara nyingi umri huo ni mfupi kuliko wa jahazi zuri.

Haramu ni habari nyingine. Mzizi wake wa Kiarabu, *h-r-m*, umeingia Kiswahili kwa milango mingi, na ukiyaweka pamoja maneno yaliyopita humo utaona kitu ambacho neno moja peke yake halikuonyeshi. Kuna ihramu, nguo na hali ya mwenye kuhiji. Kuna maharimu, watu usioweza kuwaoa. Kuna Muharam, mwezi ambao vita vilizuiwa. Kuna Haram yenyewe, ule msikiti wa Makka. Basi haramu haikuanza na maana ya uchafu au uovu. Msingi wake ni mpaka: kitu kilichozungushiwa mstari usioruhusiwa kuuvuka, ama kwa utukufu wake au kwa ubaya wake. Nguruwe na Al-Kaaba wamo katika mzizi mmoja, na msomaji asiyejua Kiarabu anaweza kushtuka kwa hilo, lakini ndivyo ulivyo.

Nani anayeuchora mstari huo? Wanazuoni wa fikihi wana kanuni ambayo walimu wa vyuo vya Pemba wanaijua vizuri: asili ya vitu ni uhalali mpaka ije dalili ya kuharamisha. Kuharamisha si kazi ya mtu. Mtu akiharamisha kile ambacho Mungu hakukiharamisha, yeye ndiye anayekaribia haramu. Ndiyo maana fikihi haikuacha vitu viwili tu, halali na haramu, ikaweka ngazi tano, na makuruhu ipo hapo katikati ikiwahifadhi watu na tamaa ya kuharamisha kila wasichokipenda. Mwaka 1511 mkaguzi wa masoko wa Makka, Kha'ir Beg, aliikataza kahawa, akakusanya wanazuoni wamuunge mkono, na mifuko ya buni ikachomwa. Amri hiyo ilitenguliwa kutoka Cairo, na waswali wa Makka wakarudi kwenye vikombe vyao. Ilikuwa marufuku iliyovaa kanzu ya haramu, na kanzu haikuitosha.

Sasa tazama Kiswahili cha redio na magazeti yetu, Dar es Salaam, Nairobi, hata Zanzibar. Wahamiaji haramu. Silaha haramu. Pombe haramu, kana kwamba kuna nyingine. Kenya ilipolipiga marufuku vuguvugu la Mombasa Republican Council mwaka 2010, watangazaji wakaliita kundi haramu. Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo, na kundi likaacha kuwa haramu kuanzia saa ileile hukumu iliposomwa. Kwa mtu aliyelelewa katika lugha ya chuoni, haramu inayoondolewa na jaji mchana wa siku ya kazi ni kitu cha ajabu. Neno limekopwa kwa sababu lina nguvu. Lakini kila likikopwa kwa jambo la vibali na leseni, nguvu hiyo inapungua pande zote mbili: serikali haipati utiifu iliodhani itaupata, na neno linarudi kwa mwenyewe likiwa limechakaa.

Naona wapo watakaoniambia lugha hukua na haramu sasa ina maana ya pili, "isiyo halali kwa sheria za nchi", kamusi zitaiandika na mambo yataendelea. Kweli. Bara, ambako wengi wa wasemaji hawakupitia chuo cha Kurani, maana hiyo ya pili ndiyo ya kwanza kwao. Ila safu hii iko Makangale, na huko maana ya kwanza haijaondoka mahali pake. Maneno yale yale yanaposikika katika masikio mawili tofauti, anayetunga bango ndiye mwenye wajibu wa kujua anazungumza na sikio lipi.

Pemba imewahi kulipia kwa damu pengo hili kati ya marufuku na haramu. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash, akibanwa na balozi John Kirk na tishio la manowari, aliweka saini mkataba wa kuzuia watumwa kusafirishwa baharini na kuyafunga masoko ya watumwa katika milki yake. Mwaka mmoja tu kabla, kimbunga cha 1872 kilikuwa kimeangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha ya Pemba ikiwa imesimama. Bei ikapanda, mashamba ya Pemba yakataka mikono, na mikono ikazuiwa kuvuka bahari. Wenye mashamba walikuwa na hoja, na hoja yao haikuwa ya karafuu kwa maneno: walisema sharia inamtambua mtumwa, basi Sayyid anawezaje kukataza kilichoruhusiwa? Barghash mwenyewe alilijua tatizo hilo. Alichoweza kukifanya ni kupiga marufuku. Kuharamisha hakukuwa mkononi mwake, na mkataba wenyewe uligusa biashara na usafirishaji tu, haukumgusa aliyekuwa tayari na mtumwa shambani.

Matokeo yake majahazi yaliendelea kuja Pemba usiku. Waingereza waliweka manowari kuukuu, London, bandarini Unguja kama kituo cha doria. Tarehe 3 Desemba 1881 kamanda wake, Kapteni Brownrigg, aliuawa katika maji ya Pemba alipolisogelea jahazi lililokuwa na watumwa na lililopeperusha bendera ya Ufaransa. Amri nyingine ikatoka 1890, nyingine tena 1897. Hiyo ya mwisho, ya Sayyid Hamoud, tarehe 6 Aprili, imeandikwa kwa hadhari kubwa. Haikusema kumiliki mtu ni kosa. Ilisema mahakama hazitautambua tena utumwa kama hadhi ya kisheria, na kwamba anayetaka uhuru wake aende akaudai. Masuria wakaachwa nje mpaka 1909. Ukiisoma kama mwanasheria utaona ni ujanja wa kikoloni wa kuwalinda wenye mashamba wasifilisike kwa siku moja. Ukiisoma kama mtu wa lugha utaona kitu cha ziada: mtawala anatafuta njia ya kukomesha jambo bila ya kutamka neno ambalo watu wake watamwambia si lake.

Nisieleweke kwamba utumwa uliendelea kwa sababu ya msamiati. Uliendelea kwa sababu ya faida, na wengi wa waliotaja sharia waliikumbuka sharia siku hiyo tu. Hiyohiyo sharia inahimiza kuacha huru watumwa kwa kila kafara na kila toba, na hapo kumbukumbu zao zilikuwa fupi. Lakini neno marufuku liliwapa mwanya. Liliwawezesha kusema: hili ni la Kirk, si la Mungu.

Safari hiyo ndefu ya historia inatusaidia kuelewa jambo lililofanyika Misali miaka mia na kitu baadaye. Misali ni kisiwa kidogo magharibi ya Chake Chake. Hadithi yake kila mtoto wa Pemba anaijua: Hadhara, mja mwema wa Mungu, alifika hapo, akaomba msala wa kuswalia, ukakosekana, akasema basi kisiwa chenyewe ni mithali ya msala kwa kuwa kimeelekea kibla. Mwaka 1998 serikali ilikitangaza kuwa eneo la hifadhi. Sehemu ya miamba ikafungwa kabisa kwa uvuvi, nyingine ikabaki wazi kwa masharti. Wavuvi wa vijiji vingi vya Pemba wanaitegemea Misali, kwa hiyo zuio liliwagusa watu wasiokaa hapo. Mabango na boti za doria zilifanya zilichoweza. Kisha, kuelekea mwaka 2000, shirika la CARE pamoja na taasisi ya Kiislamu ya mazingira ya IFEES, ya Fazlun Khalid wa Uingereza, wakaingia kwa mlango mwingine: maimamu, walimu wa vyuo, wavuvi, wakakaa na Kurani na hadithi wakatafuta wenyewe dini inasema nini juu ya bahari.

Kilichonivutia katika jaribio hilo si kwamba "dini ilitumika". Kila mradi siku hizi unamtafuta shehe wa kufungua kikao kwa dua. Kilichonivutia ni kwamba hawakumwambia mvuvi uvuvi wa baruti ni haramu kwa sababu serikali imeukataza. Walianzia upande wa pili: uharibifu wa viumbe bila haja, israfu, kumdhuru jirani anayetegemea mwamba uleule, ukhalifa wa binadamu juu ya ardhi. Vitu hivyo vina dalili zake katika dini tangu kabla ya baruti kuwepo. Mvuvi akifika hapo kwa miguu yake mwenyewe, haramu anayoitamka ni haramu ya kweli. Amefikia hitimisho ambalo bango lilimpa bure na yeye akalikataa.

Katika mazungumzo hayo yaliibuka pia maneno mawili ya fikihi ambayo Kiswahili tayari kilikuwa nayo kwa sura nyingine. Harimu ni ukanda unaoachwa wazi kuzunguka kisima au chanzo cha maji, mtu asijenge wala asichimbe hapo. Ni mzizi uleule wa haramu, lakini umeshuka ardhini ukawa vipimo vya hatua. Hima ni malisho yaliyotengwa kwa maslahi ya wote. Hilo la pili ni ndugu wa himaya, neno ambalo wanahistoria wetu wamelitumia zaidi kwa ukoloni wa Waingereza kuliko kwa kitu chochote cha kulindwa. Kama ningekuwa naulizwa jina la eneo lililofungwa katika mwamba wa Makangale, ningesema hima. Ni fupi, ina nasaba, na haimtukani mtu.

Lakini nisiipambe haramu kupita kiasi, maana Pemba ina kielelezo kinachonirudisha chini. Popo wa Pemba, yule mkubwa anayekula matunda, hapatikani kwingineko duniani. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, Imamu Nawawi miongoni mwao, hawakumhesabu popo katika nyama halali. Na bado popo aliliwa Pemba, akawindwa kwa bunduki na ulimbo, mpaka wataalamu mwaka 1996 wakamuweka katika daraja la wanyama walio ukingoni kabisa mwa kutoweka. Waliomnusuru hawakuwa na kitabu cha fikihi mkononi. Vilianzishwa vilabu vya vijiji, watu wakalinda miti ya kwao wanamolala popo, wageni wakaanza kuja Kidike kuwatazama na kulipa. Hesabu za mwishoni mwa muongo wa 2000 zilipita popo elfu ishirini, na daraja la hatari likashushwa. Kwa hiyo haramu ya kitabuni ilishindwa pale ambapo faida na mazoea vilikuwa upande wa pili, sawasawa na marufuku ilivyoshindwa 1873.

Kuna jambo moja dogo katika habari ya popo linalostahili kutazamwa. Walipokuwa wamekwisha karibu kote, baadhi ya makazi yao yaliyobaki yalikuwa kwenye miti ya makaburini na sehemu za mizimu. Hapo hapakuwa na tangazo wala fatwa. Palikuwa na mwiko.

Mwiko ni neno letu la Kibantu, na dada yake mzio ni mkongwe zaidi. Waganda wana omuziro, mnyama au chakula ambacho ukoo hauruhusiwi kukigusa. Sisi, kwa tabia yetu ya kuidondosha *l* na *r* ya kati, ile iliyoifanya njala ya wenzetu kuwa njaa, tukabaki na mzio. Leo madaktari wamelichukua kwa ajili ya mtu anayevimba akila kamba au karanga, nao hawakukosea sana. Mzio, hata zamani, haukuwa na polisi. Ukila, mwili wako ndio utakaokushtaki. Mwiko nao ni hivyo: hauulizi nani kakataza, unauliza nini kitatokea. Ng'ambo ya mkondo, katika misitu ya makaya ya Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008, hakuna mtu aliyehitaji kuhesabu miti kwa miaka mingi. Kaya Kinondo ukiingia hata leo unafungwa kaniki, na hung'oi hata jani.

Udhaifu wa mwiko ni kwamba unakaa katika imani isiyo na karatasi. Kijana akishakata mti mmoja na asipatwe na kitu, mwiko umeshapata ufa. Hali ya Pemba ni ngumu zaidi kwa kuwa mwiko una adui wa pili: mahubiri ya miongo ya karibuni yanayoiita mizimu ushirikina. Siingii katika mjadala huo kidini. Naona tu matokeo yake ya kimazingira. Dini inapouvunja mwiko uliokuwa ukilinda mti, basi dini inapaswa kuweka kitu mahali pake, ama sivyo pale pataachiwa msumeno.

Kukataza na kukanya tuyapite haraka, si kwa udogo wake. Kukataza ni kumfanya mtu akatae. Ndani yake kuna ridhaa, maana anayekataa ni yeye. Kukanya ni kazi ya wazee, na makanyo huja kabla ya kosa na baada yake. Yote mawili yanahitaji watu wanaojuana majina.

Neno la mwisho ni dogo na la kawaida hata hatulihesabu: kufunga. Mwamba umefungwa. Kuanzia miaka ya 2010, vijiji kadhaa vya Zanzibar, Kisiwa Panza kusini mwa Pemba kikiwa kimojawapo, vimejaribu kufunga sehemu ya miamba yao kwa pweza kwa miezi michache, kwa msaada wa mtandao wa Mwambao, kisha kuifungua kwa siku iliyotangazwa. Wazo lilipata umaarufu kutoka Andavadoaka, Madagaska, walikoanza 2004. Biolojia yake haina utata: pweza hukua kwa kasi kubwa, ukimuachia miezi miwili au mitatu anaongezeka uzito mara kadhaa, na wanawake wanaochokoa pweza kwa miguu wakati wa bamvua ndio wa kwanza kuiona tofauti. Kinachonigusa ni lugha. Anayefunga anaahidi kufungua. Hakuna aliyeambiwa kazi ya bibi yake ni haramu, wala hakuna aliyefanywa mhalifu. Kila Mwislamu wa Makangale anajua kufunga ni nini: unaacha kilicho halali, kwa muda maalumu, pamoja na wenzako, na ukimuona mwenzako anakula mchana unajua na yeye anajua. Mwenye kuzuia, mwangalizi na siku ya kuondoka vyote vimo ndani ya neno moja.

Je, ndiyo tumemaliza? Hapana, kwa sababu ya dago. Wavuvi wa kaskazini ya Pemba ni watu wa dago tangu zamani: hufuata samaki, hupiga kambi kwenye visiwa na fukwe za watu, hukaa wiki kadhaa, huondoka. Wengine nao huja kwao. Mwamba uliofungwa na kamati ya shehia ni kivutio kwa chombo kutoka mbali, na kadiri kufunga kunavyofanikiwa, ndivyo pweza wanavyokuwa wakubwa na ndivyo mgeni anavyokuwa na sababu zaidi ya kuja usiku wa kuamkia siku ya kufungua. Yeye hakukaa katika kikao. Mwiko wa hapa haumjui, kukanya kwa wazee wa hapa hakumfikii, na wito wa dini anaweza kuujibu kwa dini hiyohiyo: bahari ni ya Mungu, watu ni washirika katika maji. Hadithi inayosema watu ni washirika katika maji, malisho na moto anaijua, na si rahisi kumjibu papo hapo juu ya mtumbwi.

Kwake yeye linabaki lile neno tulilolianza kwa kulidharau kidogo. Mgeni hufungwa na marufuku, yenye mhuri, yenye tarehe, yenye kifungu katika Sheria ya Uvuvi Namba 7 ya 2010, na yenye boti inayoweza kwenda mbali kuliko ngalawa. Hapo serikali ina kazi yake na haina sababu ya kujificha nyuma ya neno la mwingine. Iseme marufuku, iseme ya nani na mpaka lini, na iipige, kwa Kiswahili, kwa sauti inayofika Tondooni na kwenye kambi za dago pia. Kama wavu ule ni haramu, hilo waachiwe walimu wa chuo walitafute kwenye vitabu vyao. Inawezekana sana wakalikuta.